Nina grini kadi, mbona Texas wananiita mgeni?

Shikamoo shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 20, mzaliwa wa Tanga. Miaka miwili iliyopita baba alishinda bahati nasibu ya grini kadi, tukaja Columbus, Ohio. Mama alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo tulikuja wawili tu. Baba akasomea leseni ya malori makubwa, sasa anakaa barabarani wiki tatu, anarudi nyumbani siku mbili. Mimi nilijiunga na chuo cha jamii palepale Columbus, nikasoma mihula mitatu kwa bei ya mwenyeji, wala hakuna aliyenisumbua kwa maswali.

Kilichonishinda ni makazi. Chumba chetu kiko kwenye nyumba ya madereva wanne wa kiume. Si watu wabaya, ila baba akiwa safarini nilikuwa najifungia mlango kuanzia magharibi mpaka asubuhi. Desemba nilipomaliza mitihani, baba mwenyewe alisema niende Houston kwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, ambaye yuko hapa mwaka wa 15 sasa. Nilifika tarehe 9 Januari. Tarehe 21 nikaanza kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, saa 30 kwa wiki.

Nimekubaliwa kwenye chuo kikuu kimoja cha serikali hapa, nianze Agosti, nia yangu ni uuguzi. Barua ya ada ilipokuja nililia. Wameniandika mgeni wa jimbo, na ada yangu ni zaidi ya mara mbili ya wanayolipa wenyeji. Nikapiga simu kuwaambia nina grini kadi, mimi ni mkazi wa kudumu. Dada aliyepokea akasema hilo ni jambo jingine, mwaka wangu haujatimia na baba yangu yuko Ohio.

Mama mdogo anasema nisihangaike. Ataandika barua kwamba nimeishi kwake tangu Julai mwaka jana, ataigongesha muhuri wa kiapo, yataisha. Anasema watu wote hufanya hivyo. Shangazi, roho yangu inasita, lakini huyu ndiye aliyenipokea kama mwanawe, nitaanzaje kumkatalia? Baba naye aliniandika mtegemezi kwenye kodi yake ya mwaka jana, na anasema ataniandika tena mwaka huu kwa sababu anarudishiwa pesa kidogo. Je, nirudi Ohio? Nipeleke hiyo barua? Au niache shule kwanza?

Mpwa wako, Houston

—

Marahaba mwanangu, na pole kwa kufiwa na mama. Pole pia kwa zile jioni za kujifungia mlango. Baba yako alifanya jambo la maana kukutoa pale.

Nianze na barua, maana ndiyo inayoweza kukuumiza. Usiipeleke. Wewe unahamia chuo kikuu ukitokea chuo kingine, kwa hiyo lazima Columbus watume matokeo yako Houston. Karatasi hiyo ya matokeo imeandikwa mihula na tarehe: ulikuwa darasani Ohio mpaka Desemba. Mama mdogo ataandika kwamba Julai ulikuwa unalala kwake Texas, na kwenye faili hilohilo, ukurasa unaofuata, utaonekana unafanya mtihani Columbus. Karani hahitaji kuwa mpelelezi kuliona hilo. Wakikugundua baada ya mwaka mmoja au miwili, chuo kinaweza kukudai tofauti yote ya ada kwa mihula iliyopita, na mama mdogo atakuwa ameapa uongo mbele ya muhuri kwa ajili yako.

Kuna la zaidi. Siku ukiomba uraia, fomu itakuuliza kila mahali ulipoishi, uliposoma na ulipofanya kazi kwa miaka mitano. Hutaki tarehe zako ziwe mbili kwa mwaka mmoja. Binti mwenye grini kadi hana nafasi ya kucheza na tarehe.

Sasa hilo lililokuliza. Neno "mkazi" limekuchanganya, na linawachanganya wengi. Grini kadi inakufanya mkazi wa kudumu wa Marekani, nchi nzima. Bei nafuu ya chuo haitolewi na nchi, inatolewa na jimbo, na jimbo linauliza swali lake: wewe kwenu ni wapi? Vyuo vikuu vya serikali hapa vinaendeshwa kwa sehemu na kodi za jimbo, ndiyo maana kila jimbo linawapunguzia watoto wa nyumbani kwake na kuwatoza wengine kwa ukali. Hata Mmarekani aliyezaliwa Chicago akihamia Houston mwezi huu ataandikwa mgeni kama wewe. Kwa hiyo usilichukue kama dharau kwa asili yako. Grini kadi imekufungulia mlango wa kuwa mwenyeji, mlango ambao mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida hana. Kuingia ndani ni hesabu ya miezi na makaratasi.

Hesabu ya Texas iko hivi. Uwe umeweka makazi ya kweli ndani ya jimbo kwa miezi 12 mfululizo kabla ya siku ambayo chuo kinafunga hesabu ya wanafunzi, ambayo kwa mihula mikubwa ni siku ya 12 ya masomo. Na kukaa tu hakutoshi. Wanataka kuona umekuja kuishi, hukuja kusoma peke yake. Njia ya wazi ya kuthibitisha kwa mtu kama wewe ni kazi: wastani wa angalau saa 20 kwa wiki kwa mwaka mzima. Wewe unafanya 30. Ulianza tarehe 21 Januari. Muhula wa masika wa mwakani utaanza katikati ya Januari au baadaye kidogo, na siku ya 12 ya masomo itaangukia mwisho wa Januari au mwanzoni mwa Februari. Umeona? Mwaka wako unatimia ndani ya muhula ujao wa masika, kwa kupita wiki moja au mbili tu. Hukosi mwaka wa shule, unakosa muhula mmoja. Fungua kalenda ya chuo leo uitafute tarehe yenyewe, maana ukipungukiwa hata siku tatu utasukumwa mpaka muhula wa kiangazi.

Lakini yule dada wa kwenye simu alikutajia kizuizi cha pili, nacho ni kizito kuliko cha kwanza: baba.

Kwetu mama mdogo ni mama. Akikulea, akikulisha, akikuozesha, hakuna anayeuliza. Sheria ya Texas inamjua mzazi, na inamjua mlezi aliyewekwa na mahakama, basi. Miaka 15 ya mama mdogo, na kodi ya nyumba anayolipa kila mwaka, haihamii kwako hata kidogo. Kinachohamia kwako ni makazi ya baba, iwapo wewe ni mtegemezi wake. Na mtegemezi kwa maana yao ni yule ambaye mzazi anastahili kumwandika kwenye kodi ya mapato ya serikali kuu. Isome tena hiyo: anastahili, hata kama hakumwandika. Ukiwa tegemezi wa mtu wa Ohio, unahesabiwa kuwa wa Ohio, hata kama slipu zako za mshahara wa Houston zinajaza kabati.

Kwa hiyo mwaka huu kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, baba asikuandike. Mwaka jana ilikuwa halali, ulikuwa mwanafunzi wa muda wote chini ya paa lake. Mwaka huu unaishi Texas na kujilisha kwa mshahara wako, na akikuandika atakuwa ameweka kwa maandishi kwamba wewe ni mtoto wa nyumba ya Ohio. La pili halionekani kirahisi. Sheria ya kodi inamhesabu mtu chini ya miaka 24 kuwa mwanafunzi wa muda wote akisoma ndani ya miezi 5 ya mwaka, hata kama ni sehemu tu ya kila mwezi. Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba: hiyo ni mitano. Ukianza muda wote Agosti hii kwa bei ya mgeni, tena baba akikuchangia ada, unajirudisha mwenyewe karibu na utegemezi unaoukimbia. Kuna masharti mengine, mojawapo la kuishi pamoja na mzazi zaidi ya nusu mwaka, jingine la nani anagharimia zaidi ya nusu ya mahitaji yako, kwa hiyo mkae na mtu wa kodi mwenye leseni kabla ya Desemba. Lakini kama ningekuwa mimi, Agosti nisingeanza muda wote.

Zungumza na baba kwa simu siku akiwa amepumzika, si akiwa kwenye usukani. Mwambie hivi: "Baba, mwaka huu naomba nijaze kodi yangu mwenyewe. Ukiniandika, chuo kitaniita mtu wa Ohio, na tofauti ya ada ni kubwa kuliko wanachokurudishia." Ile barua ya ada iliyokuliza, mpigie picha umtumie kabla hujapiga simu. Baba anayeendesha lori wiki tatu mfululizo anajua hesabu, ataielewa.

Kuhusu kurudi Ohio, sitaki ulipuuze wazo hilo. Haki unayoitafuta Texas kwa miezi 12, kule unayo tayari. Ohio inamkubali mwanafunzi tegemezi ambaye mzazi wake ameishi jimboni miezi 12 mfululizo, na baba ametimiza hiyo. Ungeweza kuingia chuo kikuu cha serikali kule Agosti hiihii kwa bei ya mwenyeji, ukalala bwenini na wasichana wenzako, usikanyage ile nyumba ya madereva. Kwa pesa peke yake, Ohio inashinda. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na nimeona kwamba Houston umepata mtu. Msichana aliyefiwa na mama akipata dada wa mama, na kazi anayoimudu, na kitanda asichokifungia mlango kwa hofu, hilo nalo ni sehemu ya elimu yake. Mimi ningebaki, ningesubiri muhula mmoja. Wewe pima.

Ukibaki, usijaribu kushika kotekote. Nimeona vijana wanahamia jimbo jipya huku wakiendelea na masomo ya mtandaoni ya chuo cha zamani kwa bei ya wenyeji wa kule. Ni kujiandika kwa mkono wako kwamba kwenu bado ni kule. Chukua badala yake somo moja au mawili ya jioni kwenye chuo cha jamii cha Houston, lipa bei ya mgeni kwa hayo mawili tu. Kazi iwe ndiyo uzito wa maisha yako, darasa liwe pembeni. Chagua masomo yaliyomo kwenye krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 42 za msingi ambazo vyuo vya serikali Texas vinapokezana, ila kwanza mwombe mshauri wa chuo kikuu akuonyeshe ni zipi za Columbus zimekubaliwa, usije ukarudia ulichokwisha kulipia. Na chuo kikuu uwaombe kwa maandishi wakusogezee nafasi yako hadi muhula wa masika.

Makaratasi sasa. Hapa niache nikusimulie langu, kwa sababu liliniuma na sitaki likupate. Mwaka wangu wa kwanza huku nilisuka nywele kwenye saluni ya mtu, Jumanne mpaka Jumapili, nalipwa taslimu mkononi jioni. Vidole vilikuwa vinavimba. Mwaka ulipotimia nikaenda chuoni, nitakiacha bila jina, nikawaambia nimefanya kazi jimboni miezi 14. Mama aliyekuwa dirishani akaniuliza kwa upole, "Iko wapi?" Sikuwa na slipu hata moja. Mwenye saluni alikataa kuniandikia barua. Miezi yangu 14 ikawa kama haikuwahi kuwepo, nikaanza kuhesabu upya kutoka kazi iliyofuata. Kwa hiyo mwanangu, kila slipu ya mshahara tangu ile ya kwanza ya Januari iwe kwenye bahasha moja, na kama inatoka kwenye simu, ichapishe. Waombe ofisi ya nyumba ya wazee barua yenye tarehe uliyoanza, saa zako kwa wiki, na kwamba bado uko kazini. Akaunti ya benki ihamie anwani ya Houston. Idara ya uhamiaji nayo ilipaswa kuarifiwa ndani ya siku 10 tangu uhame. Kama hukufanya, fanya leo, ni fomu fupi ya mtandaoni.

Majimbo mengine huangalia kodi ya mapato ya jimbo kama ushahidi. Texas haina kodi hiyo, ndiyo maana karatasi za kazi na za nyumba zinabeba mzigo mkubwa zaidi hapa. Na hapa ndipo mama mdogo anapokuja kuwa msaada wa kweli. Usimkatalie kwa kumwambia anadanganya. Mkae jikoni, umwambie: "Mama, barua yako ninaitaka, ila iwe na tarehe 9 Januari. Na naomba tuandikiane mkataba wa pango, niwe nakulipa kidogo kila mwezi kupitia benki." Hapo atakuwa amekuandikia barua, muhuri umegongwa, moyo wake umetulia, na hakuna neno la uongo ndani yake. Hata dola 150 kwa mwezi zikipita benki zinaonekana. Akikataa kupokea pesa ya mtoto wa dada yake, na wa kwetu wengi hukataa, mwombe akuwekee jina lako kwenye bili ya intaneti au ya umeme.

Kabla hujaikatia tamaa Agosti kabisa, kuna mlango mmoja wa kubisha. Sheria ya Texas inaruhusu mgeni wa jimbo aliyeshinda ufadhili wa ushindani wa chuo, usiopungua dola 1,000 kwa mwaka, atozwe ada ya mwenyeji. Nafasi zina kikomo, na ufadhili lazima uwe ule unaoshindaniwa pamoja na wenyeji. Sehemu ya msingi ya ada ya mwenyeji imewekwa na sheria kuwa dola 50 kwa krediti, na ya mgeni hupangwa upya kila mwaka, mamia ya dola kwa krediti hiyohiyo. Kwa hiyo dola 1,000 za ufadhili zinaweza kukuokolea nyingi zaidi ya hizo. Piga simu ofisi ya ufadhili, uliza kwa jina hilohilo, ufadhili wa ushindani, na tarehe ya mwisho. Ukiupata, ile hesabu ya miezi mitano bado ipo, kwa hiyo mtu wa kodi mmwone kwanza.

FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ijaze tu, usisubiri kitu. Grini kadi inakuruhusu, na ruzuku ya Pell, pesa ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, haiangalii jimbo. Fomu hiyo itakuita tegemezi na kutaka taarifa za baba mpaka utimize miaka 24, usishtuke ukadhani mambo yameharibika. Utegemezi wa FAFSA na utegemezi wa makazi ya Texas ni mizani mbili tofauti.

Na ukianza kama mgeni, au wakikukatalia mara ya kwanza, usidhani jina hilo ni la kudumu. Connecticut iliwahi kuwa na sheria ya kumfanya mwanafunzi kuwa mgeni kwa miaka yake yote ya chuo kwa sababu tu anwani yake ilikuwa nje ya jimbo alipoomba. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Vlandis dhidi ya Kline, iliikataa, ikasema mwanafunzi lazima apewe nafasi ya kuonyesha kwamba sasa amekuwa mwenyeji. Vyuo vina fomu ya kuomba kuangaliwa upya makazi yako. Iombe mapema, Novemba, uiambatanishe na bahasha yako.

Limebaki la leseni. Aliyehamia Texas anatakiwa kuchukua leseni ya udereva ya jimbo ndani ya siku 90, na wewe umezipita. Nenda wiki hii na ile ya Ohio, watakubadilishia. Pale kaunta au kwenye fomu utaulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Kadi ya mpiga kura utaiona imetajwa sehemu nyingi kama uthibitisho wa makazi, na rafiki atakwambia itie tiki tu. Usitie. Kupiga kura za serikali kuu ni kwa raia, na mwenye grini kadi aliyejitaja kuwa raia anaweza kupoteza kila kitu, hata kama alikosea kwa haraka. Weka alama kwenye Hapana, soma tena ulichojaza, ndipo utie sahihi.

Msalimie mama mdogo, na baba akirudi kutoka barabarani.